Mwani Ulioiva Kihesa

Kihesa, Iringa
2 Desemba 2024

Mwalimu Faustina,

Shikamoo. Natumaini ulifika Mbeya salama na kwamba kwa kaka yako Mzee Aroni wote ni wazima. Mimi ni mzima. Nyumba uliyoniachia ni nzima na tangi la samaki ni zima.

Naomba unisamehe kwa jana ulipopiga simu. Nilikusikia vizuri, ila nikishika simu maneno yananikwama, ndiyo maana nilijibu "ndiyo, Mwalimu" hata uliponiuliza nimekula nini. Nilikula ugali na mchicha. Uliposema basi niandike barua, nimpe wakala wa basi pale Ipogolo, nilifurahi, kwa sababu kuandika naweza. Miaka minne umesahihisha daftari zangu za biolojia, lakini sauti yangu sidhani kama umeisikia mara kumi.

Naandika kama ulivyonielekeza, tangi la juu kwanza.

Juu samaki wote wanne wapo: wale wawili wa rangi ya chungwa, yule wa njano na yule mdogo wa bluu. Matumbawe yamefunguka, hata lile la vidole. Kwenye mawe ya kushoto kuna mwani mfupi wa kijani kama ukungu wa mkate, na nauona umeongezeka. Maji yaliyopungua nimejazia ya mvua, yale ya pipa, nikapima chumvi kabla na baada.

Chini, ndani ya kabati, pampu inapeleka maji kama kawaida, na taa inawaka ile ya juu inapozima. Mwani wako umejaa mpaka unagusa kioo. Bado nakumbuka siku ulipotuleta kidato cha pili chote hapa, tukashangaa bahari imefikaje sebuleni Kihesa. Ukatuambia mwani wa chini unakula uchafu wa samaki ili mwani mbaya wa juu ufe njaa, na kwamba kila tukiukata na kuutupa, tumeutoa uchafu wenyewe. Wenzangu walicheka. Mimi nilifikiria hilo wiki nzima.

Kuna mwani mwingine humo chini ambao siujui. Umeota kwenye jiwe alilokuletea yule rafiki yako Marcelino kutoka Dar. Unatambaa.

Nimebandika yote miwili kwenye karatasi ulivyonifundisha: nikauacha uelee kwenye sinia la maji ya chumvi, nikapitisha karatasi chini, nikainua polepole, nikafunika kwa kitambaa na kuweka kamusi juu. Ulijigandisha wenyewe bila gundi. Namba moja ni ule wa zamani, namba mbili ni mgeni. Nitafurahi ukiniambia jina lake.

Wako,
Minza Nyanda


Uyole, Mbeya
6 Desemba 2024

Minza,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu, ni wa wifi yangu Tumpe, mke wa Aroni. Mkono wangu wa kulia umevimba kwa sindano za hospitali, na sukari bado wanaitafutia dawa itakayoituliza. Usishtuke. Nasema, yeye anaandika, na akichoka ananipigia kelele.

Karatasi zako zimefika bila mkunjo. Umebandika kwa mikono mizuri.

Sasa nataka ufanye kitu. Kutambua mwani kwa macho kunadanganya sana. Rangi hubadilika kwa mwanga, umbo hubadilika kwa nafasi. Chukua namba moja ukiwa umefumba macho, uubonyeze kati ya vidole, uuvute, kisha uniandikie. Je, unakwaruza au unateleza? Ukiuachia unarudi ulivyokuwa au unalala? Halafu namba mbili hivyo hivyo. Pitisha kidole kwenye mzizi wake unaotambaa: una pingili kama muwa, au ni mrija mmoja tu?

Jambo la pili. Aroni ameshanitafutia mpangaji wa ile nyumba. Anasema mstaafu asiye na mume wala mtoto anafanya nini na vyumba vitatu na maji ya chumvi, abaki Mbeya kwa ndugu zake. Ni mtu mwema, anasema kwa mapenzi, na hiyo ndiyo shida yake. Nimemjibu kwamba nyumba ina mtu na tangi lina uhai, na mwisho wa Januari narudi kwangu. Hilo ndilo jibu langu pekee, Minza. Siku tangi likifa, sina jingine la kumpa.

Kula vizuri.

Mwl. Faustina Mgaya


Kihesa
14 Desemba 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Pole kwa mkono. Shikamoo pia mama Tumpe, najua utaisoma hii.

Nimefanya ulivyosema. Nilifumba macho, nikaona ajabu kwamba vidole vinajua mengi.

Namba moja ni kama waya wa kusugulia masufuria, ila laini. Unakwaruza kidogo. Nikiukamata ngumi nzima na kuuachia, unafumuka ukarudi ulivyokuwa. Hauna mzizi, haujashika popote, ni fundo la nyuzi tu.

Namba mbili unateleza. Una mrija unaotambaa kama tembele shambani, na kila baada ya inchi moja unatoa kijani kilichosimama kama unyoya, na chini yake vijizizi vya kushikia jiwe. Pingili hauna. Nimepitisha kidole mara tatu.

Wa namba moja nimevuna theluthi, kama kila Jumamosi, nikaufukia kwenye mboji. Wa namba mbili sijaugusa kwa sababu hatujaufahamu.

Mwalimu, hapa kumetulia sana. Wapangaji wa nyumba ya jirani wamekwenda kwao kwa likizo. Mvua ikinyesha mchana kutwa nakaa sebuleni nasikiliza pampu. Baba ametuma ujumbe kutoka Ubaruku kwamba wameanza kupandikiza mpunga na wanajua siwezi kwenda kwa sababu ya kazi yako. Sikumjibu kwamba natamani kwenda. Wala sitamani kwenda. Sijui natamani nini. Matokeo ya kidato cha nne nasubiri kama wenzangu.

Minza


Uyole
19 Desemba 2024

Minza,

Vidole vyako vimesema sawasawa. Namba moja ni keto, kama nilivyokuwa nayo siku zote. Huyo hana matata, mvune na umsahau. Namba mbili, kama kweli hauna pingili, ni kaulepa. Nilikutana nao mara ya kwanza nikiwa msichana, mwaka ule nilipotumwa Tanga kwa mafunzo, nikadhani ni mchongoma wa baharini. Mmea wote ule, hata ukiwa mrefu kama kitanda, ni seli moja. Fikiria. Kila kipande kinasikia yanayokipata kingine.

Unakula uchafu kuliko keto, kwa hiyo usiung'oe wote. Ukate kidogo kidogo kila wiki na usiuache ukae bila kukatwa. Una tabia zake. Ukiona badiliko lolote niandikie, nitakuambia la kufanya. Ningekueleza yote leo, lakini Tumpe ananiambia ndizi zimeiva na yeye si karani wa serikali.

Hili naongeza mimi Tumpe: ni kweli si karani.

Krismasi njema. Usikae njaa ukisubiri kukaribishwa. Ukisikia harufu ya pilau kwa jirani, bisha hodi.

Mwl. Faustina


Kihesa
30 Desemba 2024

Mwalimu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya unaokuja.

Krismasi nilikwenda misa ya pili. Nilikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, na mama mmoja wa kwaya aliyenisahau jina akaniita binti wa Mwalimu Faustina, nikaona aibu, nikaona na furaha. Kwa jirani sikubisha hodi. Nilisimama pale kwenye ua mpaka mbwa akazoea, kisha nikarudi ndani. Lakini yule dada wa pale aliniletea sahani mwenyewe, pilau na kuku, kwa hiyo nilikula.

Habari za tangi ni nzuri. Kaulepa imekua haraka. Nimeikata mara moja tu, siku ile ya barua yako, kwa kuwa ilikuwa bado changa. Sasa imeanza kuiva. Tangu juzi manyoya yake yamepoteza ule ukijani, yamekuwa ya manjano hafifu, na kwenye ncha kuna vijistari kama wavu mwembamba. Kwetu Usangu mpunga ukibadilika hivyo ni furaha nyumba nzima. Baba hufunga mfereji maji yasiingie tena jarubani, tukauacha ukauke kidogo, halafu ndipo tunavuna, na anayekata ukiwa kijani hupigiwa kelele. Kwa hiyo na mimi nimebana koki ya maji yanayoingia tangi la chini, yanapita kidogo tu. Nitaacha siku kadhaa niuvune wote kwa pamoja. Uliniambia nikiona badiliko nikuandikie, ndiyo hili. Kama nimekosea naomba unijulishe.

Nimemwona yule samaki wa njano akila ule ukungu wa kijani kwenye mawe. Anaula kama ng'ombe, kichwa kushoto, kichwa kulia. Nilicheka peke yangu mpaka nikajisikia kama mtu mwingine.

Nasubiri barua yako.

Minza


Uyole
4 Januari 2025

Minza mwanangu,

Barua yako imenichekesha, hasa ulivyosimama kwenye ua ukimsubiri mbwa. Tumpe amecheka zaidi, anasema yeye angeingia na sufuria yake mwenyewe. Huyo samaki wa njano mwache ale, ndiyo kazi iliyomleta.

Tumpe ananiambia tangi liko vizuri na mwani umestawi. Endelea hivyo hivyo.

Nimemwambia Aroni tarehe. Jumamosi ya mwisho ya Januari ninapanda basi. Amenuna, lakini alipouliza hali ya tangi nilimwambia mwani umejaa mpaka kwenye kioo, akaenda zake. Hapa wananitunza vizuri mno. Sibebi hata kikombe. Nikisimama wanasimama. Nataka kukaa kwangu nisikie pampu yangu.

Mwl. Faustina


Kihesa
13 Januari 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Natumaini mkono unaendelea vizuri.

Huku yote ni mazuri. Mvua ni nyingi. Samaki wapo. Nimeweka karatasi ya kaulepa kama kawaida.

Usiwe na wasiwasi.

Minza


Uyole, Mbeya
18 Januari 2025

Minza,

Hii barua ni yangu mimi Tumpe. Wifi yangu amelala mchana na hajui kama naandika. Nikimaliza nitamwambia, maana siri zimeshatuharibia vya kutosha humu ndani.

Wifi haoni. Mkono wake haujawahi kuvimba. Sukari imepanda machoni, na tangu kabla hajatoka Iringa jicho la kushoto lilikuwa limekufa, la kulia linaona mwanga na kivuli. Walimchoma sindano za macho mara tatu hapa, wakasema lililobaki ndilo hilo. Alinikataza kukuambia. Alisema ukijua utaogopa na kumpigia baba yako, na nyumba itabaki tupu. Karatasi zako nilikuwa namwelezea mimi, na mimi najua majani ya mgomba na ya viazi, bahari sijawahi kuiona.

Sasa la pili, na hili ni langu. Barua yako ya tarehe thelathini sikuisoma yote. Niliisoma ya kanisa, ya mbwa na ya samaki. Pale katikati nikaona habari za mwani tena, mistari mingi, na nilikuwa na maziwa jikoni. Nikamwambia, anasema tangi liko vizuri, mwani umestawi. Nimekuwa nikimsomea hivyo tangu mwanzo, Minza. Nachukua mazuri. Hata barua za benki namsomea hivyo.

Juzi ilipofika hii fupi, nilitoa karatasi nikamwambia safari hii amebandika mwani mweupe, kama gamba la nyoka aliyejivua. Akaniomba karatasi. Akapitisha kidole. Akakipitisha tena, kisha akasema, "Tumpe, leta barua zake zote uzisome. Usiruke hata nukta." Nikasoma. Nilipofika pale pa kuiva na kufunga mfereji, akasema basi, inatosha. Hakula jana wala leo asubuhi.

Aliniambia ule mwani ukigeuka rangi hauivi, unakufa kwa kuzaa. Unamwaga kila kilichomo ndani kwa saa chache, na maji yanachafuka. Dawa yake ni kuutoa wote siku ile ile. Kama ningesoma, angekupigia simu dakika hiyo.

Aroni hajui bado. Mimi nimekosa. Wewe ulikuwa umeandika.

Mama Tumpe


Kihesa
21 Januari 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Mama Tumpe, tafadhali soma yote.

Barua yako ya tarehe nne iliposema niendelee hivyo hivyo, nilijua nimefanya vizuri. Niliisoma nikiwa nimesimama pale pale Ipogolo. Siku ya pili yake ilikuwa Jumatatu. Asubuhi nilifungua kabati nikakuta tangi la chini lina maji kama ya kuoshea mchele, lakini ya kijani. Kaulepa ilikuwa imebaki ngozi tu, nyeupe, inayoonekana upande wa pili. Nilidhani maji yamechafuka kwa kuwa nilibana koki, yakasimama. Kwetu maji yakisimama jarubani yananuka, unafungua mfereji yaende. Kwa hiyo nilifungua koki yote.

Yote yakapanda juu.

Ndani ya nusu saa sikuweza kuona ukuta wa nyuma wa tangi. Samaki walikuja juu wakawa wanavuta hewa kwa midomo. Nilitumia maji ya akiba uliyoacha kwenye pipa, nikakoroga mengine, nikaweka pampu ya hewa, nikamwaga uchafu kwa ndoo kwenye mboji. Yule wa njano alikufa kwanza. Kisha yule mdogo wa bluu. Jioni mmoja wa wale wa rangi ya chungwa. Niliwafukia nyuma ya nyumba. Tumbawe la vidole lilijifunga, halijafunguka tena.

Nilibonyeza namba yako mara tatu siku ile. Kila ilipoanza kuita nilikata. Nilijua ukisema "haloo" nitasema "ndiyo, Mwalimu," na utajua ni ndiyo gani. Kisha nikakumbuka uliyoandika, kwamba tangi likifa huna jibu la kumpa Mzee Aroni. Nikaona bora uendelee kuwa na jibu, hata kama si la kweli, mpaka nipate namna ya kulifufua. Ndipo nikaandika yote ni mazuri.

Karatasi ile nyeupe nilijua ni nyeupe. Niliiweka kwenye bahasha nikaitoa, nikaiweka tena. Nadhani nilitaka uone bila mimi kusema.

Sikujua kwamba huoni. Mwezi Oktoba ulikuwa unanipa daftari za wenzangu nikusomee kwa sauti, nikadhani unanifanyisha mazoezi ya kuongea. Nilijisikia vibaya sana siku zile, nilikuwa nakuombea uache. Nisamehe. Nisamehe na kwa tangi.

Nikitakiwa kuondoka nitaondoka. Vyombo vyote nimeviosha.

Minza


Uyole
28 Januari 2025

Minza,

Tumpe anaandika nilichosema, neno kwa neno, na akimaliza ananisomea tena. Huo ndio utaratibu wetu mpya, na ameuapia.

Samaki watatu na tumbawe la miaka sita. Nimelia, sitakuficha. Halafu nimefikiria nani aliyewaua, nikakuta tupo watatu. Wewe ulichukua desturi ya jaruba ukaipeleka baharini. Hilo ni kosa la mtu anayefikiri, na uliniandikia kabla. Tumpe aliruka mistari kumi. Lakini mimi ndiye niliyekaa huku nikijifanya naona. Kama ningekuambia tangu Novemba, ungeandika ukijua kwamba kila neno lako ni jicho langu, na Tumpe angesoma akijua hivyo. Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na moja, nikasahau kwamba anayejifanya ameelewa ndiye anayefeli.

Jumapili nilimweleza Aroni mwenyewe, mezani, mbele ya wote. Macho yangu alikuwa anayajua. Nilimwambia tangi limekufa karibu lote. Hakunifokea. Alisema tu, "Basi, dada." Unajua neno hilo linavyoweza kufunga nyumba. Mpangaji anataka jibu. Nimeomba ningoje barua moja, yako.

Sikiliza. Yaliyobaki machoni pangu ni mwanga na kivuli, na hayataongezeka. Nikirudi Kihesa, nitakaa mbele ya kioo nisichokiona, na msichana asiyesema. Hilo haliwezekani. Mpishi nitapata, mfagiaji nitapata. Ninachokosa ni mtu wa kuniambia kilichomo ndani kilivyo. Sitaki "vizuri". Nimeshiba vizuri, hapa wananipa asubuhi, mchana na jioni. Nataka kilivyo, hata kama ni kibaya, hata kama ni chako.

Niandikie kilichomo. Tangi, nyumba, na wewe. Kama huwezi, niambie huwezi. Sitakuchukia, nitampa Aroni funguo nami nitakaa hapa nizoee.

Faustina


Kihesa
2 Februari 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Haya ndiyo yaliyomo.

Tangi la juu. Samaki yupo mmoja, wa rangi ya chungwa, yule mkubwa. Anakula mara moja kwa siku, zamani walikuwa wanakula mara mbili. Anakaa kona ya kulia, nyuma ya jiwe, na nikisogea hajifichi kama zamani. Sijui kama amenizoea au amechoka. Konokono wapo saba. Walikuwa kumi na moja.

Tumbawe la vidole limekufa. Nilifumba macho nikaligusa, ni jiwe sasa, linakwaruza, na ule utelezi haupo tena. Matumbawe yale ya umbo la uyoga yapo manne na yamefunguka, ila moja limepauka pembeni, upana wa kucha. Mwani mbaya, ule kama ukungu wa mkate, sasa umerefuka kama nywele za mtoto na umefunika mawe yote ya kushoto na nusu ya kati. Naung'oa kwa mkono kila asubuhi, na kila asubuhi upo. Nimepima naitreti, ule uchafu usioonekana, jana na leo, kichupa kimetoka chekundu kama damu. Maji yanaonekana safi, lakini si safi.

Tangi la chini. Keto imebaki ukubwa wa ngumi yangu. Nyingine niliimwaga siku ile pamoja na uchafu; hiki ni kipande kilichobaki kwenye ndoo ya maji ya chumvi kando ya mboji, nikakirudisha. Ni kijani, nikikiminya kinafumuka. Sijakivuna na sitakivuna mpaka kiwe ukubwa wa kichwa. Juzi nyuma ya pampu niliona uzi mmoja wa kaulepa, hai, wenye manyoya matatu. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Sijautupa, na sijauacha humo. Upo kwenye chupa peke yake, dirishani, mpaka uamue. Nauogopa.

Nyumba. Dari ya chumba chako inavuja upande wa kabati. Nimeweka beseni. Nilivunja kikombe chako cha bluu tarehe sita Januari, siku ile ile, nikaficha vipande.

Mimi. Matokeo yametoka tarehe ishirini na tatu, nami sikukuambia. Nimepata daraja la nne, pointi ishirini na tisa. Biolojia nina D. Nilikuwa najua majibu mengi. Sijui yalikwenda wapi. Baba anasema nirudi Ubaruku kama sina mpango. Kwenda naweza, kule wananipenda, lakini nikiwa kule nakuwa mtu anayesubiri kuitwa jina. Hapa pia nimekuwa hivyo. Mwezi wote wa Januari sikuongea na mtu isipokuwa wakala wa basi, na yeye nilimwambia "Mbeya" tu kisha nikaondoka bila kumwambia asante. Nilimsemesha samaki siku moja nikaogopa sauti yangu. Nina upweke, Mwalimu. Sikutaka kuliandika hilo, lakini umesema hata kama ni changu.

Uliuliza kama naweza. Kwa barua naweza, unaona. Kwa mdomo sijui. Nimefanya mazoezi leo mbele ya tangi, nikataja kila kilichomo kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sauti, nikafika mpaka kwenye konokono wa nne nikakwama. Nikaanza tena, nikamaliza mara ya tatu. Mara ya tatu ilichukua dakika tano na haikuwa nzuri, ila ilikuwa yote.

Kama utaamua kuja, mwambie mama Tumpe akukatie tiketi ya Jumamosi tarehe nane, basi la saa mbili asubuhi. Wakala amesema linaingia Ipogolo kati ya saa saba na saa nane mchana, nilimuuliza mwenyewe. Usishuke mpaka kondakta akushike mkono, pale pana ngazi tatu na ya mwisho ni ndefu. Watu huwa wengi, na wote hupunga mikono. Mimi sitapunga. Nitasimama chini ya mlango na kukuita jina kwa sauti, na nitaendelea kuita mpaka useme umenisikia.

Minza